Sokwe Wenyeji, Wazinza Wageni

Wasomaji wa kurasa hizi, ambao wengi wenu ni watu wa visiwani na pwani, mmezoea kuisikia nchi yenu ikinadiwa kwa maneno matatu: mandhari, utamaduni na vyakula. Karafuu, mlango wa kuchonga, pweza wa Forodhani. Sisi wa bara tumekatiwa fungu jingine. Kwa wauza safari, bara ni wanyama na visiwa ni utamaduni. Mgeni atazame simba Serengeti, kisha aruke akapumzike ufukweni Unguja na kuonja pilau. Mgawanyo huo umerudiwa mara nyingi hata watu wa pwani wenyewe wameuamini. Mshairi mmoja wa mjini Unguja aliwahi kuniuliza, tena kwa upole na bila kejeli, kama kule ziwani kwetu kuna utamaduni wowote wa kutungia. Makala hii ni jawabu kwake, na ni shutuma kwa wengine ambao si wapole kama yeye.

Naandika kutoka Nkome, mkoani Geita, ukingoni mwa ziwa ambalo ramani hulipa jina la malkia wa Kiingereza na sisi tunaliita Nyanza. Nkome ni mwalo, yaani mahali mitumbwi ya wavuvi inapoegeshwa na samaki wanapopimwa, kuuzwa na kuanikwa. Mimi nimesoma hadi darasa la saba. Kiingereza nimekiokota katika kamusi na katika magazeti yaliyofungia dagaa, na ushairi nilifunzwa na redio, enzi za kipindi cha Malenga Wetu cha Radio Tanzania. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba sina chuo kinachonidhamini, hivyo hoja zangu azipime kwa uzito wake tu.

Mbele yetu, ndani ya Ghuba ya Emin Pasha, kiko kisiwa cha Rubondo. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Hifadhi nzima, maji na nchi kavu, pamoja na visiwa vidogo vinavyokizunguka, ni kilomita za mraba zipatazo 456. Wageni wenye fedha hutua huko kwa ndege ndogo. Wengine hupitia Kasenda, upande wa Chato, ambako maji ni membamba. Na wengine hupandia boti hapa Nkome, wakasafiri kwa muda wa saa mbili hivi. Nimekiona kisiwa hicho na sitakipunguzia sifa hata moja. Nzohe huzama kwenye maji ya matete pakabaki pua tu. Furukombe huanza kulia kabla jua halijatoka. Mtu aliyekulia mkoa wa Geita, ambako vilima vimenyolewa kwa ajili ya mkaa, mashamba na matimba ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasiporomoke, hawezi kuingia katika msitu ule asinyamaze.

Lakini watu hawaendi Rubondo kwa ajili ya nzohe. Wanaitiwa sokwe. Basi na tuwahesabu sokwe hao kwa tarehe. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Shirika la Wanyama la Frankfurt, likiongozwa na Profesa Bernhard Grzimek, yule yule aliyeisifia dunia Serengeti kwa kitabu na filamu, lilifungua kisiwani humo sokwe 17 waliotoka Ulaya. Walikuwa wamekaa katika bustani za wanyama na katika mikono ya watu. Wengi wao walikuwa wamekamatwa wangali wadogo huko Afrika Magharibi. Wakajifunza upya kusuka viota na kutafuta matunda, wakazaana, wakawa jamii. Tembo waliletwa. Twiga waliletwa. Mbega waliletwa. Hata faru waliletwa, na majangili wakawamaliza. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1960 Wazinza waliokuwa wakiishi Rubondo, wakivua, wakilima na kuzika wafu wao, walihamishwa wakapelekwa visiwa vya jirani na nchi kavu.

Sina kinyongo na sokwe. Aliyetekwa utotoni akapewa msitu uzeeni amepata haki yake, na nchi iliyompa msitu huo imefanya jambo la kiungwana. Kinachonichoma ni jinsi habari hii inavyosimuliwa. Katika matangazo, sokwe ni wakazi wa Rubondo, tembo ni wakazi wa Rubondo, na kisiwa ni pori la asili lisilowahi kuguswa na mkono wa mtu. Mzinza hatajwi hata kama mzimu. Nimewahi kuitia hoja hii katika ubeti mmoja, nao huimbwa na vijana wa hapa mwaloni wakati wa kukunja nyavu:

Mgeni huja na chake, mwenyeji akapokea
Sokwe kapewa pa kwake, na tembo akahamia
Mzinza na mji wake, ng'ambo akaelekea
Leo aomba apike, mgeni kapitilia

Sasa nitasema namna nilivyoingia katika ugomvi huu. Kampuni moja ya safari, ambayo sina haja ya kuitaja, iliniletea kijitabu chake cha Kiingereza nikifasiri kwa ajili ya wageni wa ndani ya nchi. Kilikuwa na kurasa kumi na mbili, na ndani yake kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba kisiwa hiki hakijapata kuguswa. Mfasiri ana wajibu kwa maneno ya mwenye kazi, lakini ana wajibu pia kwa lugha anayofasiria. Kiingereza kikisema hivyo, msomaji wa mbali haoni neno. Kiswahili kikisema kwamba Rubondo haijapata kukaliwa na watu, kinasomwa na mjukuu wa mtu aliyezaliwa Rubondo. Niliandika: kisiwa hiki kilikaliwa na Wazinza hadi miaka ya 1960. Jawabu lilikuja kwamba maneno hayo yanaharibu ladha. Nikauliza, ladha ya nani? Sikujibiwa, na kazi akapewa mwingine.

Tuliangalie basi hilo neno asili ambalo limekuwa kama chumvi katika kila kijitabu: misitu ya asili, vyakula vya asili, ngoma za asili, samaki wa asili. Sangara, anayenadiwa kuwa fahari ya Nyanza, alitiwa ziwani miaka ya 1950, enzi za ukoloni. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa zima na kuwatafuna furu hata aina zao nyingi zikatoweka. Sato tunayemla leo ni mgeni wa miaka hiyo hiyo ya 1950, na ngege aliyekuwepo kabla yake sasa ni adimu. Muhogo wa ugali wetu asili yake ni Marekani ya Kusini. Wasukuma, ambao ndio wengi katika mkoa wetu, walimiminika Geita na ng'ombe wao kutoka mashariki ya Ghuba ya Mwanza, hasa katika miaka ya 1940 na 1950. Nanyi wa visiwani msitucheke: kobe wa Changuu wanaopigwa picha kila siku walitoka Ushelisheli mwaka 1919, na mkarafuu haukuota Unguja na Pemba kwa hiari yake. Kila kitu kinachoitwa asili kina tarehe yake ya kuingia. Aliyekosa nafasi katika orodha hii ya wenyeji ni yule tu aliyekuwepo na akaondolewa.

Nimesikia ikisemwa kwamba haya ni mambo ya zamani, na kwamba mgeni aliyelipa nauli yake kutoka Ulaya hataki kusomeshwa historia, anataka kustarehe. Wanaosema hivyo wamelisahau hata neno wanalolitumia. Talii ni neno tulilolitwaa katika Kiarabu, na maana yake huko ni kusoma, kudurusu, kuchungua jambo kwa makini. Mtalii, kwa mzizi wa jina lake, ni msomaji. Lugha yetu ilipotafuta neno la kumwita mtu anayezunguka nchi za watu haikumpa jina la mtu anayestarehe wala mtu anayekula; ilimpa jina la mtu aliyefunua kitabu. Aliyempunguza akawa mnunuzi wa picha ni mfanyabiashara.

Na kitabu cha kufunua kipo, tena kimeandikwa na mtu wa ziwa hili. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, kisa kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Akakosa mchapaji. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikachapwa Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika, na mwaka 1981 mwandishi akafariki. Humo mna namna ya kupokea mgeni, namna ya kupika pombe ya kumtolea mkwe fidia, majina ya miti na dawa, uvuvi, ulimaji, maradhi na maombolezo. Wajerumani wana fasiri yao, na Kiingereza kimepata fasiri ya Gabriel Ruhumbika, naye Mkerewe, tangu mwaka 2002. Je, ni kambi gani ya wageni katika ziwa hili inayokiweka kitabu hicho kando ya kitanda? Nimeingia katika kadhaa kwa shughuli za ukalimani. Nimekuta picha za simba, ambaye Rubondo hayupo, na vinyago vya Kimasai, watu ambao hawajawahi kuvua hapa. Yule mshairi wa Unguja aliyeniuliza kama kuna utamaduni wa kutungia namwelekeza kwa Kitereza. Akimaliza juzuu zote mbili aje tuendelee na mazungumzo.

Nina neno jingine kwa wapenzi wa lugha, nalo ni hongo. Mwaka 1861 John Hanning Speke, aliyekuwa ameanza safari yake Zanzibar mwaka uliotangulia, alikwama Uzinza, nchi hii hii yetu, kwa miezi kadhaa. Alikuwa mgonjwa, wapagazi walikuwa wakimtoroka, na kila mtemi alimdai hongo: nguo, shanga, nyaya. Alilalamika sana katika kitabu chake, na wasomaji wa London wakaamini kwamba watemi wa Uzinza ni wanyang'anyi. Watu wa pwani mliokuwa naye, kina Sidi Mubarak Bombay, mlijua vizuri zaidi. Hongo wakati huo ilikuwa ada ya njia: mgeni anapita katika ardhi ya watu, anakula chakula chao, anakunywa maji yao, analindwa usiku, basi anatoa kitu kwa mwenye nchi. Leo neno hilo lina maana moja tu ya aibu, rushwa. Ila ada yenyewe haikufa. Anayeingia Rubondo hulipa kiingilio. Mantiki ni ile ile ya mtemi: unapita katika mali ya wenye nchi, lipa. Tofauti ni kwamba katika malipo haya Mzinza hayumo tena miongoni mwa wenye nchi. Mtemi alipodai aliitwa mnyang'anyi. Ofisi inapodai, hutoa risiti. Sipingi risiti. Nauliza tu fedha hizo zikishuka kutoka kwenye boti zinakanyaga wapi, maana njia ya Nkome nimeipita masika na kiangazi na sijaona alama za nyayo zake.

Nije kwenye chakula, maana najua wasomaji wa pwani wamekingoja, nao wana shaka. Mtu wa pwani akiletewa mboga isiyo na nazi huuliza kama mpishi ameamka vizuri. Sisi hatuna minazi. Tuna sato anayetolewa majini alfajiri akachemshwa na nyanya, kitunguu na limau, mchuzi mwepesi unaoonyesha samaki badala ya kumficha. Tuna ugali wa muhogo, mweusi kidogo na mzito, ambao hufinyangwa kwa vidole vitatu. Tuna michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Huliwa na karanga msimu ambao shamba halina kitu. Asiyejua njaa za nchi hii hawezi kujua utamu wa michembe. Tuna dagaa. Katika usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, zamani karabai na sasa za betri na za jua, na ukisimama ufukweni Nkome utadhani mji mzima umehamia juu ya maji. Kalenda ya mwalo haifuati Januari wala Februari, inafuata giza na mbalamwezi. Malenga wa pwani ambaye ameimba nyota na tanga maisha yake yote angekaa hapa wiki moja tu katika giza, asingeniuliza tena swali lake.

Wapo waliotutazama tukila, lakini kwa jicho jingine. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, iliyotengenezwa Mwanza na kuizunguka dunia, ilituonyesha kama watu wa mapanki, yaani wala mifupa ya sangara ambaye minofu yake imepelekwa Ulaya. Serikali ilikasirika, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani. Mapanki yapo, na minofu husafirishwa kweli. Kulikana hilo ni kupoteza wino. Ila tazama tulivyogawiwa: mtengeneza filamu anatupiga picha ya jehanamu, mtengeneza kijitabu anapiga picha ya pepo kisiwani ng'ambo, na katika zote mbili mwanamke wa Nkome anayechemsha sato hapewi nafasi ya kusema bei ya sahani yake.

Na hapo hapo kuna jambo la kuudhi kuliko yote. Maji yanayoizunguka Rubondo ni ya hifadhi, na mvuvi wa Nkome akikamatwa humo na nyavu hupoteza nyavu, mtumbwi na pengine uhuru wake. Sheria ni sheria, na samaki wanahitaji mahali pa kuzaliana. Hilo nalielewa, na wavuvi wenye akili wanalielewa. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, tulishuhudia nyavu za timba na makokoro zikiteketezwa kwa moto katika mialo ya ziwa hili, na watu wakitozwa faini zilizowafilisi. Lakini katika maji hayo hayo ya hifadhi mgeni huuziwa uvuvi wa burudani. Anakodishwa boti na ndoano, anamvua sangara mkubwa, anapigwa picha naye, kisha anamrudisha majini. Wataalamu watanieleza kwamba samaki aliyerudishwa hakupungua ziwani, nami nitakubali hesabu yao. Nao wanikubalie hili: mtoto wa mvuvi anayemwona mtu akivua kwa kucheza mahali ambapo baba yake alifungwa kwa kuvua ili ale, hapati somo la uhifadhi. Anapata somo la tabaka, na hatalisahau.

Kwa hiyo wanaodhani nataka Rubondo ifunguliwe, irudishiwe mashamba na mkaa, hawajanisoma. Ningekuwa nataka hivyo ningekuwa adui wa wajukuu zangu. Bila kufungwa, kisiwa kile leo kingekuwa kama vilima vya Geita, na furukombe wasingekuwa na mti wa kutulia. Msitu ubaki. Sokwe wabaki, wao na vitukuu vyao. Ninachopinga ni uongo, na uongo huo unaweza kuondolewa bila kukata mti hata mmoja.

Nasema haya sasa kwa sababu wageni wataongezeka. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan, mwana wa visiwani, alizindua filamu ya Royal Tour, akiwa yeye mwenyewe ndiye anayewatembeza wageni. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa, na njia ya Mwanza kuja Geita ambayo zamani ilisubiri kivuko sasa hupitwa kwa dakika chache. Magari yenye vioo vyeusi yameanza kuonekana barabara ya Nkome. Huteremsha masanduku, hupakia masanduku, hugeuka. Masanduku hayo yana hata maji ya kunywa. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya mandhari, utamaduni na vyakula anapita katikati ya vyote vitatu akiwa amefunga kioo.

Wakuu wa mkoa na wa hifadhi hawahitaji fedha za wafadhili kuanza. Boti ya asubuhi iondoke mchana, ili mgeni alazimike kula Nkome. Waongozaji wa kisiwani waambiwe kutamka mwaka 1966 na neno Wazinza katika sentensi moja. Kijitabu cha Kiswahili kiandikwe, kwa sababu mwanafunzi wa Geita anayepelekwa Rubondo na shule yake anastahili kusoma kwa lugha yake kilichoandikwa kuhusu babu yake. Ninyi wahariri na washairi wa visiwani mna kazi yenu pia: acheni kukubali mgawanyo ule wa wanyama na utamaduni, maana siku mtakapokubali kwamba bara ni pori tu, mtakuwa mmekubali kwamba visiwa ni maonyesho tu.

Na kuna jambo lisilongoja. Aliyezaliwa Rubondo kabla ya mwaka 1965 leo amepita miaka sitini, na aliyekuwa mtu mzima wakati wa kuhamishwa anakaribia tisini au ameshazikwa. Wazee hawa bado wanayajua majina ya Kizinza ya ghuba, vilima na miti mikubwa ya kisiwa kile: pale palipokuwa na mji wa nani, pale palipotolewa sadaka, pale mitumbwi ilipopumzika upepo ukichafuka. Nimeshaanza kuyaandika majina hayo katika daftari la shule, na fasiri yake ya Kiswahili pembeni. Naomba ubao mmoja wa mbao, pale wageni wanapopandia boti, niyabandike.